Dawa inapozidi: funzo la wadi ya majeraha ya moto Birmingham

Katika mji wa Birmingham, katikati ya Uingereza, madaktari walishuhudia mwaka hadi mwaka jinsi dawa iliyookoa maisha inavyoweza kupoteza nguvu zake kwa kutumiwa kupita kiasi. Historia hiyo, iliyoanza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inamhusu pia mzazi wa Mombasa, Mwanza au Muscat anayeshika kidonge mkononi na kujiuliza kama aongeze kingine.

Tarehe 11 Desemba mwaka 1945, mtaalamu wa vijidudu kutoka Uskochi, Alexander Fleming, alisimama mjini Stockholm kutoa mhadhara wa washindi wa Tuzo ya Nobel. Miaka 17 kabla ya siku hiyo aligundua, katika hospitali ya St Mary's mjini London, kwamba ukungu ulioota ndani ya kisahani cha maabara ulikuwa unaua bakteria. Tuzo hiyo aligawana na Howard Florey na Ernst Chain, wanasayansi wa Oxford walioigeuza penisilini kuwa dawa ya kutibu watu.

Fleming aliwaambia wasikilizaji wake kwamba penisilini haina sumu ya kutajika, hivyo daktari hana haja ya kuhofia kumzidishia mgonjwa. Hofu yake ilikuwa juu ya dozi ndogo mno. Alitoa mfano wa mtu anayeumwa koo, akajitibu mwenyewe kwa dawa kidogo isiyotosha kuua vijidudu bali yenye kuvifunza kuihimili, kisha akamwambukiza mkewe vijidudu hivyo vilivyokwisha kuwa sugu. Mke akafa, kwa kuwa dawa haikumfaa tena.

Onyo hilo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili, ile ya hatari ya dawa kuzidi, ilikuja kuandikwa kwa sehemu kubwa Birmingham.

Hospitali ya mji wa viwanda

Birmingham ulikuwa mji wa chuma. Karakana zake zilitengeneza kila kitu, kuanzia sindano hadi magari, na wakati wa vita zikageuzwa kutengeneza silaha. Ndege za Ujerumani ziliushambulia mji huo mara kwa mara, na hata siku zisizo na mabomu wafanyakazi waliumizwa na mashine, mvuke na vyuma vya moto. Mwaka 1941 ikaanzishwa Birmingham Accident Hospital, hospitali maalumu ya kutibu majeruhi wa ajali, katika majengo ya zamani ya Queen's Hospital kwenye barabara ya Bath Row.

Vita vikiwa vinaendelea, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliweka hapo kitengo chake cha kuchunguza majeraha ya moto. Aliyekiongoza ni Leonard Colebrook, ambaye zamani alifanya kazi pamoja na Fleming, na ambaye katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba dawa za salfa zinaweza kuwaokoa wanawake wanaopatwa na homa ya uzazi.

Colebrook alikuwa na msimamo ambao wengi waliuona wa ajabu kwa mtu aliyezijua dawa kiasi kile. Aliamini kwamba dawa peke yake haitoshi. Alitaka jeraha lifungwe katika chumba ambacho hewa yake imechujwa, na wauguzi wasilishike kwa mikono mitupu. Alipoona kwamba watoto wengi waliokuwa wakiletwa wodini waliungua kwa moto wa majumbani usiokingwa, alifanya kampeni hadi sheria ya kulazimisha vikinga moto kwenye majiko mapya ya kupashia joto nyumba ikapitishwa mwaka 1952. Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba, na Colebrook aliishi kwa kanuni hiyo.

Ngozi iliyoungua

Kwa nini wadi ya majeraha ya moto? Kwa sababu ngozi ni ukuta wa mwili. Ikiungua, ukuta umebomoka, na vijidudu hupata uwanja mpana wenye joto, unyevu na chakula tele. Katika miaka hiyo mgonjwa aliyenusurika moto wenyewe mara nyingi aliuawa siku kadhaa baadaye na sumu ya vijidudu vilivyoingia katika damu.

Kwa hiyo penisilini ilipopatikana, ilipokewa wodini kwa shangwe. Ilitengenezwa kama malhamu na kupakwa juu ya vidonda, na bakteria wa aina ya streptokoka, waliokuwa wakiharibu ngozi mpya iliyopandikizwa, walishindwa. Lakini jirani yao, stafilokoka, hakukubali kushindwa. Baadhi yake walikuwa na uwezo wa kutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Kila dawa ilipomwagwa, wale dhaifu walikufa na wale wenye uwezo huo wakabaki na nafasi yote.

Hali hiyo haikuwa ya Birmingham peke yake. Mjini London, Mary Barber wa hospitali ya Hammersmith alihesabu stafilokoka sugu kwa penisilini miongoni mwa wale aliowachunguza. Mwaka 1946 walikuwa kiasi cha asilimia 14. Mwaka 1947 wakafikia asilimia 38, na mwaka 1948 asilimia 59. Miaka mitatu tu ilitosha kuigeuza hali, na wagonjwa wale hawakuwa wamepewa dozi ndogo kama alivyohofia Fleming. Wengi walipewa dawa ya kutosha, hata zaidi ya kutosha. Tatizo lilikuwa kwamba dawa ilikuwa kila mahali hospitalini.

Serikali ya Uingereza ilikwisha kuchukua hatua. Sheria ya Penisilini ya mwaka 1947 iliagiza kwamba dawa hiyo isiuzwe kwa mtu asiye na cheti cha daktari. Hata hivyo, sheria iliweza kulinda mlango wa duka la dawa, haikuweza kulinda mkono wa daktari.

Daktari aliyekuwa mshairi

Mwaka 1949 kitengo cha Birmingham kilimpata mkuu mpya wa maabara, Edward Lowbury. Alikuwa mtaalamu wa bakteria, na pia mshairi aliyechapisha diwani kadhaa. Alikaa hapo kwa takribani miaka 30. Kazi yake kubwa ilihitaji subira: kuchukua sampuli kutoka kwenye kila jeraha, kuotesha vijidudu, kuvijaribu kwa kila dawa, kuandika, na kurudia tena wiki inayofuata.

Baada ya streptokoka na stafilokoka kudhibitiwa kwa kiasi, adui mwingine alijitokeza. Huyu ni bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, anayejulikana kwa usaha wake wa kijani. Kwa mtu mzima mwenye afya hana madhara makubwa, lakini kwa aliyeungua ni muuaji. Dawa nyingi hazimgusi. Mwaka 1951 Lowbury na wenzake walieleza jinsi polimiksini ilivyosaidia ikipakwa juu ya jeraha. Polimiksini, hata hivyo, ikiingia kwa wingi mwilini hudhuru figo. Daktari alijikuta kwenye ukingo mwembamba, huku jeraha na huku sumu.

Katikati ya miaka ya 1960 timu hiyo ilirudi kwenye silaha ya kale, madini ya fedha. Vitambaa vilivyolowekwa katika maji yenye nitrati ya fedha kwa nusu ya asilimia moja viliwekwa juu ya majeraha, na maambukizi ya Pseudomonas yakapungua sana. Lakini wagonjwa ambao vijidudu vilikwisha kuingia katika damu yao bado walihitaji dawa ya sindano. Ndipo ilipokuja karbenisilini.

Mwaka 1969

Karbenisilini, mjukuu wa penisilini, iliingia sokoni mwaka 1967. Ilikuwa dawa ya kwanza ya ukoo huo iliyoweza kumuua Pseudomonas. Lakini ilihitaji kiasi kikubwa mno. Mgonjwa mahututi aliweza kupewa gramu 20 hadi 30 kwa siku kupitia mshipa, wakati mtu mzima anayemeza amoksilini leo kwa maambukizi ya kawaida hupata gramu moja na nusu hivi. Kiasi hicho kilijaza mwili chumvi, na kiliweza kuzuia damu isigande inavyotakiwa.

Mwaka 1969, miaka miwili tu baadaye, maabara ya Birmingham ilianza kupata Pseudomonas asiyejali karbenisilini hata kidogo. Lowbury na wenzake, miongoni mwao Graham Ayliffe, waliitangaza habari hiyo katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka huohuo.

Jambo lililowashangaza watafiti halikuwa usugu wenyewe. Lilikuwa namna ulivyokuja. Usugu uleule ulionekana katika bakteria wa jamii tofauti kabisa, akiwemo Klebsiella, anayeishi tumboni. Haikuwezekana kwamba kila jamii ilijifunza peke yake katika wodi moja na kwa wakati mmoja. Bakteria walikuwa wakipeana.

Walichopeana ni kipande kidogo cha chembe za urithi chenye umbo la duara, kiitwacho plasmidi. Mfano wake ni shada la funguo. Bakteria mmoja hujiambatisha na mwenzake, hata asiye wa ukoo wake, hulinakili shada lote na kumkabidhi nakala. Katika shada la Birmingham hapakuwa na ufunguo mmoja. Palikuwa na wa karbenisilini na ampisilini, palikuwa na wa kanamaisini, na palikuwa na wa tetrasaiklini.

Hapo ndipo lilipo funzo kubwa la wadi ile. Mgonjwa akipewa tetrasaiklini bila haja, si usugu wa tetrasaiklini tu unaokuzwa. Bakteria anayebaki hai ni yule mwenye shada zima, na kesho yake karbenisilini nayo haimfai mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakuwahi kuionja. Dawa aliyozidishiwa mmoja inamwendea mwingine kama deni.

Wodi iliyosafishwa

Mwaka 1972 Lowbury na wenzake walitoa ripoti nyingine, na hii ilikuwa na matumaini. Hospitali ilikuwa imeweza kuwaondoa bakteria waliokuwa wakisambaza usugu wa karbenisilini. Njia kuu haikuwa dawa mpya yenye nguvu zaidi. Ilikuwa kujizuia: dawa zilizokuwa zikiwapa nafasi bakteria hao zilipunguzwa, na usafi ukakazwa. Bakteria aliyebeba shada la funguo zisizo na mlango wa kufungua hana tena faida juu ya wenzake.

Ushindi wa namna hiyo hauna uhakika wa kudumu, kwani vijidudu huweza kurudi pale mazoea ya zamani yanaporudi. Hata hivyo, ulithibitisha kwamba usugu una sababu, na kwamba sababu hiyo imo mikononi mwa watu.

Plasmidi ile yenyewe ilipata umaarufu. Wanasayansi wa nchi nyingi waliichukua kwa kuwa ina uwezo wa ajabu wa kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, wakaitumia kuhamishia chembe za urithi katika utafiti. Mwaka 1994 mpangilio wake wote ulichapishwa, herufi zipatazo 60,000 za kikemia, na kazi hiyo ilimshirikisha Christopher Thomas wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Hadi leo jina la mji limo katika jina la ukoo huo wa plasmidi.

Madhara ndani ya mwili

Usugu ni deni la jamii. Lakini dawa ikizidi, mwili wa mgonjwa mwenyewe nao hulipa. Maneno ya Fleming kwamba hakuna haja ya kuhofia dozi kubwa yalikuwa juu ya penisilini, na dawa zilizofuata hazikuwa na upole huo. Hata jamii ya penisilini ina mpaka wake, kwani amoksilini ikizidi sana huweza kuganda kama chembechembe ndani ya figo.

Streptomaisini, iliyofungua mlango wa tiba ya kifua kikuu, huharibu neva za sikio, na baadhi ya waliotibiwa walibaki na kizunguzungu au uziwi. Gentamaisini hudhuru masikio na figo, na ndiyo maana hospitali hupima kiasi chake katika damu. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza jinsi watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli kwa wingi walivyogeuka rangi ya kijivu na kufa, kwa sababu ini la mtoto mchanga haliwezi kuivunja dawa hiyo. Dozi hizo ziliandikwa na madaktari, kwa nia njema.

Birmingham ilikuwa na mchango wake katika sura hii pia. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba baadhi ya wagonjwa wanaotumia viuavijasumu hupatwa na kuhara kukali, na utumbo kuvimba hata kusababisha kifo. Mwaka 1978 timu ya Birmingham, iliyokuwa na R. H. George, D. W. Burdon na M. R. B. Keighley, ilikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba mhusika ni bakteria aitwaye Clostridium difficile. Dawa inapowaua bakteria wema wanaoishi tumboni, huyu huachiwa uwanja, akaongezeka na kutoa sumu yake. Mgonjwa aliyekwenda kutibiwa kidonda anajikuta anapigania maisha yake kwa sababu ya tiba.

Funzo kutoka Afrika Mashariki

Je, dawa nyingi kwa muda mrefu ndiyo tiba bora? Jibu mojawapo la kihistoria lilitoka Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa kanda hiyo na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliwajaribu wagonjwa wa kifua kikuu kwa matibabu ya miezi sita badala ya miezi 18. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa zikichaguliwa na kuchanganywa vizuri, rifampisini ikiwa mojawapo, miezi sita inaweza kutosha. Tiba ya miezi sita ikaja kuwa kawaida ya dunia nzima. Kilichookoa wagonjwa ni kipimo sahihi, na kipimo hicho kilipatikana kwa kuhesabu.

Hata ule ushauri wa siku zote wa kumaliza dozi umepitiwa upya. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kwamba kwa maambukizi mengi ya kawaida hakuna ushahidi kwamba kuacha mapema huleta usugu, bali kutumia dawa muda mrefu kuliko inavyohitajika ndiko kunakoongeza hatari. Hilo halimpi mgonjwa ruhusa ya kujiamulia. Kifua kikuu, kwa mfano, kikiachwa njiani hurudi kikiwa kikali zaidi. Maana yake ni kwamba dozi ni kazi ya aliyesomea, na mgonjwa asipunguze wala asiongeze bila kumwuliza.

Nje ya hospitali ndiko mtihani ulipo. Mitaa mingi ya Afrika Mashariki ina duka la dawa ambako amoksilini hununuliwa bila cheti, vidonge viwili leo na vinne kesho kadiri ya fedha iliyopo mfukoni. Mwenye mafua hupewa, ingawa mafua huletwa na virusi ambavyo dawa hiyo haivigusi. Kwa upande mwingine, wako waishio Ulaya na Ghuba wanaohifadhi vidonge vilivyobaki ili wawatumie jamaa nyumbani. Ni tendo la huruma, lakini dawa iliyopimwa kwa mwili mmoja haiujui mwili mwingine.

Kuna pia upande wa pili wa mizani ambao haufai kusahauliwa. Katika vijiji vingi mtoto mwenye nimonia bado hufa kwa kukosa dawa hiyohiyo inayochezewa mijini. Kwa hiyo kuwaambia watu watumie kidogo hakutoshi pale ambapo daktari yuko mbali na maabara haipo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba usugu ulihusika kwa namna fulani katika vifo milioni 4.95. Mzigo mkubwa zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Septemba mwaka 2024 mataifa yaliyokutana katika Umoja wa Mataifa yaliahidi kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030.

Mikono miwili

Birmingham Accident Hospital ilifungwa mwaka 1993, na wagonjwa wa moto wakahamishiwa hospitali nyingine za mji huo. Lowbury alifariki mwaka 2007.

Lakini kazi ya mji huo bado inaonekana mahali ambapo wengi hawaitambui. Mwaka 1978 Graham Ayliffe, yule aliyekuwa pamoja na Lowbury wakati wa karbenisilini, alichapisha pamoja na wenzake utaratibu wa kunawa mikono kwa hatua sita: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, kidole gumba, na ncha za vidole. Michoro iliyotokana na utaratibu huo ilibandikwa kote duniani wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020, kuanzia zahanati hadi shule na vituo vya mabasi.

Mtu aliyeiona dawa yenye nguvu ikishindwa ndani ya miaka miwili alikwenda kuwafundisha watu kunawa. Kijidudu ambacho hakikuingia mwilini hakihitaji kidonge, na kidonge ambacho hakikumezwa bila haja kitakuwa na nguvu siku mtoto atakapokihitaji.